Vidonge vya Maumivu, Manjano na Mzee Anayesahau

(MUZIKI WA KIPINDI, KISHA UNASHUKA TARATIBU)

  Kama una mzee nyumbani, mwite akae karibu na redio. Leo tunamzungumzia yeye, na si vizuri kumzungumzia mtu akiwa hayupo.

Nenda soko la kambi yoyote kubwa, utamkuta mchuuzi mwenye kimeza chake. Juu ya meza kuna vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni, vingine vimetolewa kwenye boksi lake na kufungwa katika kijikaratasi. Pembeni kuna unga wa manjano, tangawizi kavu, pengine na chupa ya mafuta ya samaki. Ukimwambia kwamba mama yako siku hizi anasahau, anauliza jambo moja mara kumi, juzi alipotea akitoka chooni, mchuuzi anakujibu haraka: huo ni uvimbe wa ubongo, wataalamu wamekwisha kugundua, mpe dawa ya kushusha uvimbe na akili itarudi. Basi familia inapima kilo kadhaa za unga wa mgao, inauza, inanunua dawa. Mwezi unaofuata inauza tena.

Jibu langu nitalitoa mapema, ili hata ukiitwa kwenye foleni ya maji usikose: usiuze chakula kwa ajili ya dawa hiyo. Lakini mchuuzi hakusema uongo mtupu. Katika maneno yake kuna punje ya kweli, na punje hiyo ndiyo inayotupoteza. Kwa hiyo tukae tuichambue.

Tuanze na neno lenyewe, uvimbe. Ukijikata kidole, baada ya muda kinavimba, kinapata joto, kinauma. Hapo mwili unajitetea: umewatuma askari wake kupambana na vijidudu na kusafisha jeraha. Kidonda kikipona, askari wanaondoka na uvimbe unakwisha. Ubongo nao una askari wake, seli ndogo sana ziitwazo mikroglia. Kazi yao ni kufagia uchafu na kulinda nyumba.

Mwaka 1906, daktari Mjerumani aitwaye Alois Alzheimer alieleza alichokiona kwa hadubini katika ubongo wa mwanamke aliyekuwa amepoteza kumbukumbu kabla hajazeeka sana. Kulikuwa na vidonge-donge na nyuzi zilizojikunja ndani ya seli. Ugonjwa huo sasa una jina lake, nao ndio unaosababisha sehemu kubwa ya ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita demensia. Miaka mingi baadaye watafiti waliona kwamba askari wa ubongo wanajazana kuzunguka yale madonge. Wanafagia, wanashindwa, lakini hawaondoki. Wanaendelea kumwaga kemikali za vita mwaka hadi mwaka, na kemikali hizo zinaunguza hata seli nzima zilizo jirani. Uvimbe wa namna hii huuoni kwa macho. Kichwa hakivimbi, homa haipo, na mgonjwa hasemi kwamba kunauma.

Kwa hiyo aliyekwambia kwamba katika ugonjwa wa kusahau kuna uvimbe ndani ya ubongo, hapo amesema kweli.

Tena kulikuwa na tumaini la haki kabisa. Mwaka 1990 watafiti, akiwamo Patrick McGeer wa Kanada, waliandika kwamba watu wenye ugonjwa wa baridi yabisi, wale ambao viungo vyao huvimba na ambao humeza dawa za kushusha uvimbe kwa miaka mingi, walionekana kupata ugonjwa wa Alzheimer mara chache kuliko wengine. Mwaka 2001 watafiti wa mji wa Rotterdam, Uholanzi, walitoa habari iliyotikisa wengi. Walikuwa wamewafuatilia watu karibu 7,000 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea, kwa wastani wa karibu miaka 7. Wale waliotumia dawa za aina ya ibuprofeni kwa miaka miwili au zaidi waliugua Alzheimer kwa uchache sana kuliko wasiotumia.

Ungekuwa wewe, usingeamini? Hata mimi ningeamini.

Lakini kuwatazama watu si sawa na kuwajaribia dawa. Mtu anayekumbuka kumeza vidonge kila siku kwa miaka miwili, anayejua kwenda kwa daktari na kueleza goti lake linavyouma, huyo pengine akili yake ilikuwa nzima tangu mwanzo. Na mzee ambaye ugonjwa umeanza kumnyemelea huacha kulalamika, huacha kwenda zahanati, huacha dawa. Ukihesabu tu, utadhani dawa ndiyo iliyomlinda yule wa kwanza.

Njia ya kujua ukweli ni kugawa watu makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja linapewa dawa, la pili linapewa kidonge kinachofanana nayo lakini hakina kitu ndani, na hakuna anayejua amepewa kipi mpaka mwisho. Hilo lilifanyika, si mara moja.

Mwaka 2000 yalitoka matokeo ya prednisoloni na ndugu zake: watafiti wa Marekani waliwapa wagonjwa dawa ya jamii hiyo kwa mwaka mzima, dozi ndogo. Kumbukumbu haikupona, na tabia za waliomeza dawa zikawa mbaya zaidi kuliko za wale wa kidonge kitupu. Mwaka 2003 zilijaribiwa dawa mbili za maumivu, naprokseni na rofekoksibu, kwa wagonjwa 351. Mwaka ukapita, ugonjwa ukaendelea kwa kasi ileile. Hiyo rofekoksibu iliondolewa sokoni duniani kote mwaka 2004 kwa sababu ya kuleta mshtuko wa moyo na kiharusi.

Watu wakasema, labda tumechelewa, tuwape wazima kabla hawajaugua. Sawa. Zaidi ya watu 2,500 wa Marekani, wenye miaka 70 na kuendelea, ambao katika ukoo wao kulikuwa na ugonjwa huu, walipewa naprokseni, dawa nyingine iitwayo selekoksibu, au kidonge kitupu. Zoezi lilisimamishwa Desemba 2004 kwa hofu juu ya moyo, na kinga dhidi ya ugonjwa wa kusahau haikuonekana.

Aspirini nayo, ambayo wengi wetu tunaiona kama pipi? Uingereza waliijaribu kwa wagonjwa 310 wa Alzheimer na kutoa matokeo mwaka 2008. Haikuwasaidia. Katika kila watu 100 waliokuwa wakiimeza, 8 hivi walilazwa hospitali kwa kutokwa damu. Kwa wasiomeza alikuwa 1. Kisha mwaka 2018 yakaja matokeo ya jaribio kubwa zaidi, watu 19,114 wa Australia na Marekani, wazee waliokuwa wazima, aspirini ndogo kila siku. Haikuzuia ugonjwa wa kusahau. Kutokwa damu kuliongezeka.

(MUZIKI MFUPI)

Ndugu msikilizaji, nimezitaja hesabu hizi kwa makusudi. Mtu akikwambia sokoni kwamba dawa hii haijajaribiwa bado, ndiyo maana zahanati hawaijui, sasa unaweza kumjibu. Imejaribiwa. Waliojaribu walitamani ifanye kazi kuliko hata sisi, na haikufanya.

Tuje kwenye madhara, kwa sababu hapa ndipo mzee wako anaweza kupoteza maisha huku ukidhani unamtibu. Diklofenaki, ibuprofeni na wenzao hula utando wa tumbo. Kwa kijana, siku mbili tatu za jino linalouma, si neno. Kwa mzee anayemeza kila siku, tena pengine tumbo tupu kwa sababu mgao umeisha, tumbo linaweza kutoboka au kutoa damu bila maumivu makubwa. Akienda choo cheusi kinachong'aa kama lami, au akitapika kitu kama machicha ya kahawa, usisubiri asubuhi. Dawa hizo pia hubana figo, hasa mtu akiwa anaharisha au hanywi maji ya kutosha, na hupandisha presha. Mzee anayetumia dawa za presha akichanganya na diklofenaki, dawa yake ya presha inapungua nguvu. Umeona mzunguko huo? Presha ikipanda inaharibu mishipa ya ubongo, na mishipa ya ubongo ikiharibika kumbukumbu inaondoka. Tumenunua ugonjwa kwa unga wetu wenyewe.

Prednisoloni na deksamethasoni ni hatari zaidi. Huuzwa pia kwa watu wanaotaka kunenepa. Hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa, na kwa mzee huweza kuvuruga akili kabisa, akaanza kuona vitu visivyokuwapo. Lakini nisikilize vizuri hapa: kama mzee amekuwa akiimeza kwa wiki nyingi, usimkatize ghafla leo. Mwili wake umeizoea, na kuikata mara moja kunaweza kumuangusha. Mpeleke kituo cha afya pamoja na hicho kijikaratasi, wampunguzie taratibu. Vilevile kama daktari alimwandikia aspirini kwa sababu ya moyo au kwa kuwa aliwahi kupata kiharusi, hiyo aendelee nayo. Hiyo ni kazi nyingine.

Na dawa za asili je? Hapa sitaki kumkejeli mtu. Manjano tunayapika, tangawizi tunaikoroga kwenye chai, na ni vyakula vizuri. Ndani ya manjano kuna kitu kiitwacho kurkumini, na kwenye bomba la maabara kweli kinapunguza uvimbe. Shida ni safari kutoka mdomoni hadi kwenye ubongo. Marekani waliwapa wagonjwa 36 wa Alzheimer kurkumini iliyokamuliwa, gramu 2 au 4 kila siku kwa wiki 24. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Hawakupata nafuu, na walipopima damu walikuta kiasi kidogo sana kimeingia. Kijiko cha manjano kwenye mboga kina kurkumini kidogo mno kuliko hiyo. Mafuta ya aina inayopatikana kwenye samaki nayo yalijaribiwa kwa wagonjwa 402, miezi 18, matokeo mwaka 2010. Ugonjwa haukupungua mwendo. Kula dagaa ukiwapata, ni chakula kizuri, lakini usinunue chupa.

Onyo moja kuhusu unga wa manjano unaong'aa kupita kiasi. Mwaka 2019 watafiti walieleza kwamba huko Bangladesh baadhi ya wasindikaji walikuwa wakitia rangi yenye risasi, ile madini, ili manjano yavutie. Risasi ni sumu ya ubongo, kwa watoto na kwa wazee. Ukinunua manjano, ya unga au mazima, epuka yanayong'aa kupita kiasi.

Na kama mzee anatumia mizizi au majani ya mganga, usimfiche muuguzi. Mwambie jina, mwonyeshe. Kinachomuumiza mgonjwa mara nyingi ni kuchanganya, au kuacha vidonge vya presha na kisukari kwa kuwa ameambiwa mti huu unatosha.

(MUZIKI MFUPI)

Sasa, kama si vidonge vya uvimbe wala manjano, tufanye nini? Tuanze kwa kuuliza swali ambalo mchuuzi hakuuliza: je, huu kweli ni ugonjwa wa Alzheimer? Kwa sababu si kila mzee anayesahau anao, na baadhi ya sababu za kusahau zinatibika kabisa, tena kwa dawa zilizopo kwenye vituo vya afya.

Mfano wa kwanza ni wa watu kama ninyi. Mwaka 1990, katika makambi ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, zaidi ya watu 18,000 walipata ugonjwa uitwao pelagra. Mgao ulikuwa mahindi. Karanga, ambazo ndizo zilizokuwa zikiwapa vitamini iitwayo niasini, zilikuwa zimekatika. Mahindi peke yake hayaupi mwili niasini ya kutosha. Pelagra huanza kwenye ngozi inayopigwa jua: mikono yote miwili inakuwa myeusi na yenye magamba, shingoni kunatokea kitu kama mkufu. Ulimi unauma, tumbo linaharisha. Na ikiachwa, akili inachanganyikiwa, mtu anasahau, anaona mambo ya ajabu. Dawa yake ni vidonge vya vitamini hiyo, na akili huweza kurudi baada ya siku chache tu.

Fikiria basi bibi anayeishi peke yake, meno hana, maharage ameyauza ili apate sabuni, anakula uji wa mahindi asubuhi na jioni. Anaanza kuropoka. Majirani wanasema ni uzee. Tazama mikono yake. Tazama shingo yake.

Wapo wengine. Ukosefu wa vitamini B12, tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, kaswende ya zamani isiyotibiwa, virusi vya UKIMWI. Mzee aliyeanguka wiki tatu zilizopita akagonga kichwa anaweza kuwa na damu inayojikusanya polepole ndani ya fuvu. Dawa za usingizi zinazonunuliwa bila cheti huacha kichwa na ukungu mchana kutwa. Pombe kali ya kienyeji nayo inajulikana. Na huzuni. Mtu aliyezika watoto njiani, aliyeacha shamba na mifugo, anaweza kuwa hajasahau chochote. Hana nguvu ya kujibu. Sonona ya mzee hufanana sana na ugonjwa wa kusahau, na ina tiba.

Kuna jambo moja la haraka ambalo nakuomba ulishike hata kama mengine yote yatakutoka. Ugonjwa wa Alzheimer huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa na akili timamu Jumatatu akawa amechanganyikiwa Jumatano, huyo hana Alzheimer. Huyo ana malaria, au nimonia, au maambukizi ya mkojo, au amekaukiwa maji, au sukari imeshuka, au amepata kiharusi. Kwa wazee homa inaweza isionekane kabisa. Kuchanganyikiwa ndiyo dalili pekee. Huyo apelekwe siku hiyohiyo, hata kwa mkokoteni.

Zahanati ikichunguza na kuona kwamba kweli ni ugonjwa wa kusahau usiotibika, nitakwambia ukweli: dawa ya kuuponya haipo mahali popote duniani, si kambini tu. Zipo dawa kama donepezili zinazosaidia baadhi ya wagonjwa kidogo, kwa muda. Zipo za sindano zilizoanza kutumika Marekani miaka ya karibuni, za kuondoa yale madonge, nazo hupunguza kasi kidogo kwa walio mwanzoni mwa ugonjwa. Zinahitaji picha za ubongo mara kwa mara kwa sababu zenyewe huweza kuvimbisha ubongo au kutoa damu. Jirani aliye Ulaya hajapata siri ambayo wewe umenyimwa.

Lakini kuzuia na kuchelewesha kunawezekana, na hapa habari ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la tiba liitwalo The Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, na kukadiria kwamba kama yangeondolewa yote, karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeweza kuepuka ugonjwa au kucheleweshewa. Presha ya kupanda imo humo. Sukari imo, sigara imo, pombe nyingi, kuumia kichwa, hewa chafu, upweke. Na masikio na macho! Mzee asiyesikia anaacha kuzungumza, asiyezungumza ubongo wake unalala. Wakati mwingine masikio yameziba kwa nta tu, na muuguzi anaweza kuyasafisha. Usichokonoe mwenyewe kwa kijiti.

Kama ningeruhusiwa kuchagua jambo moja, ningechagua presha. Jaribio la Marekani lenye watu zaidi ya 9,000, lililotoa matokeo ya ubongo mwaka 2019, lilionyesha kwamba walioshushiwa presha vizuri zaidi walipata usahaulifu wa awali kwa uchache kuliko wengine. Kipimo cha presha ni mkanda wa mkononi na dakika tano. Dawa ikiandikwa ni ya kila siku, hata siku unayojisikia mzima. Wewe mwenye miaka 45 unayemuuguza mama yako, presha yako umepima lini?

(MUZIKI MFUPI)

Sasa maneno kwa wanaoishi na mgonjwa.

Huko kambini kuna jambo linalochelewesha familia kugundua. Jioni mzee anasema, nataka kurudi nyumbani, ng'ombe hawajakamuliwa. Kila mtu hapo anataka kurudi nyumbani, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Mpaka siku anapobeba mkeka na kushika njia. Akisema hivyo, usimwambie, ng'ombe waliibwa, baba alikufa, sisi ni wakimbizi sasa. Utakuwa umempa msiba upya, na kesho atakuwa amesahau maneno lakini huzuni itabaki. Muulize ng'ombe walikuwa wangapi. Yule mkubwa aliitwa nani? Mpe kikombe cha chai. Mara nyingi giza likishaingia na taa ikawaka, hamu ya kuondoka inatulia.

Nyumba za kambi zinafanana. Funga kitambaa cha rangi anayoipenda mlangoni. Mshonee ndani ya nguo kipande chenye namba ya nyumba na zoni au bloku yenu. Waambie vijana wanaocheza mpira barabarani kwamba bibi akipita peke yake wamshike mkono kwa heshima na kumrudisha. Kadi ya mgao na karatasi za usajili azitunze mtu mwingine. Katika kambi nyingi mtu asiyejiweza anaweza kuandikisha mwakilishi wa kumchukulia chakula, kwa hiyo uliza kwenye ofisi ya mgao. Na kama kuna mahojiano ya kuhakiki familia, mweleze mfanyakazi kabla ya kuanza kwamba mzee ana ugonjwa wa kusahau, na kama zahanati imeandika, beba karatasi. Tarehe zisipolingana asije akaonekana mdanganyifu.

Na sasa lile linalosemwa kwa kunong'ona. Bibi anayetembea usiku, anayeongea peke yake, anayesimama mlangoni kwa jirani bila kujua alikuja kufanya nini, si mchawi. Ni mgonjwa. Kama maneno hayo yameanza katika kijiji chenu, nenda kwa kiongozi wa kijiji, kwa wahudumu wa ulinzi, kwa mchungaji au imamu, mapema, kabla ya mawe. Mgonjwa wa kisukari hapigwi kwa sababu mkojo wake una sukari.

Liko jambo moja linalosaidia na halina bei. Katika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, Tanzania, watafiti waliwakusanya wazee 34 wenye ugonjwa huu katika vikundi vidogo vya mazungumzo, vikao 14 kwa wiki 7. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: uwezo wao wa kufikiri ulipanda, wasiwasi ukapungua. Ni utafiti mdogo, sitaupamba. Lakini jambo lenyewe mnaweza kulifanya chini ya mti. Wazee watano hadi wanane, mara mbili kwa wiki, saa moja hivi. Kila kikao mada moja: nyimbo za kulima, vyakula vya harusi, soko la zamani. Leteni kitu cha kushika mkononi, ungo, shanga, jembe. Na siri ya kikao ni namna ya kuuliza. Usiulize, unakumbuka ilikuwa mwaka gani? Hapo unampa mtihani na ataona aibu. Uliza, wewe unaonaje, mahari ya zamani na ya siku hizi, ipi bora? Hapo hakuna jibu la kukosea. Utashangaa nani ataanza kucheka.

Mwisho, wewe dada au wewe mkwe ambaye kazi hii yote imekuangukia, usiku hulali, mchana uko kwenye kuni. Zungumza na ndugu zako wakupokee hata nusu siku kwa wiki. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza kuwaita mkae kikao cha familia. Waambie umechoka, kwa neno hilohilo.

Wiki ijayo, saa hizihizi, tutazungumza na muuguzi kuhusu kupima presha: namna ya kukaa, kwa nini usinywe kahawa kwanza, na namba mbili zile zina maana gani. Mpaka hapo, kwa herini.

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA)